Kuwakalisha Wataalamu Barazani

Katika rasimu nyingi za tasnifu ninazosahihisha, sura ya mapitio ya maandiko hupangwa kwa majina. Aya hii "Abedi (1954) anasema", inayofuata "Shariff (1988) anaeleza", hadi kurasa kumi ziishe. Mwanafunzi amesoma kwa jasho, lakini wataalamu wake wamepangwa foleni, hawasemezani. Kazi ya mapitio ni kuwakalisha baraza moja na kuwauliza swali moja.

Tuchukue mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Swali: ni nini hulifanya shairi liwe shairi? Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishikilia vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi huru, yaani tungo zisizofungwa na sheria hizo. Mulokozi na Kahigi wakautetea mkondo huo katika Kunga za Ushairi (1979): vina na mizani si sharti. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), akasimama na mapokeo, akisisitiza kwamba tungo za Waswahili huimbwa.

Wasome pamoja, utaona kwamba ubishi wao una mzizi. Shariff analitegea shairi sikio; watetezi wa mashairi huru wanatazama zaidi maudhui na lugha ya picha. Hapo ndipo pengo la utafiti linapochomoza: shairi huru likighanwa jukwaani, mahadhi yake yanatoka wapi? Swali hilo limezaliwa na mjadala wenyewe. Kuandika tu kwamba "utafiti huu haujafanyika wilayani kwetu" hakutoshi, mpaka uoneshe kilichoko huko kinachoweza kubadili jibu.

Nawashauri wanafunzi wangu wachore jedwali. Kila kazi ipewe safu mlalo yake. Safu wima ziwe swali, hoja, ushahidi na mipaka. Unaposoma, jaza kwa safu mlalo. Unapoandika, fuata safu wima: aya moja kuhusu hoja zinazogongana, nyingine kuhusu uzito wa ushahidi. Majina yatakuja yenyewe, yakiitwa na hoja.

Kisha nawe keti barazani. Sema ushahidi wa nani umekuridhisha na kwa nini. Wanafunzi wengi huogopa kuwapinga wakubwa, lakini kumsoma mtu kwa makini hadi ukaona alipoishia ni heshima kubwa kwake, na utafiti wako unaanzia papo hapo.