Mkaa na chaki: Sanaa nafuu ya kuhifadhi magari ya zamani Gusii

KATIKA barabara zinazopanda na kuteremka vilima vya Kisii na Nyamira, gari linalotamba leo ni Toyota Probox. Hata hivyo, wakazi waliokula chumvi hawajasahau enzi ambapo msafiri wa Nairobi mwenye haraka alitafuta nafasi ndani ya Peugeot 504 yenye safu tatu za viti.

Magari hayo yanatoweka. Peugeot 404, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1960, ilijijengea jina nchini iliposhinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mrithi wake, 504, aliyezinduliwa 1968, alifuata nyayo hizo kwa ushindi wa 1975 na 1978.

Yaliyosalia sasa aghalabu huonekana yameegemezwa kwenye mawe nyuma ya nyumba, yakisubiri mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Biashara hiyo ilisimamishwa na serikali Januari 2022 kutokana na wizi wa nyaya na vyuma vya umma, kisha ikaruhusiwa tena Mei mwaka uo huo. Isitoshe, sheria za Kenya haziruhusu uagizaji wa magari yaliyotumika yaliyozidi umri wa miaka minane. Gari la aina hii likishayeyushwa, kupata jingine si jambo rahisi.

Njia moja ya kuliweka katika kumbukumbu ni kulichora kwa mkaa na chaki. Huenda msomaji akauliza: kwa nini kuchora ilhali simu hupiga picha kwa sekunde moja? Jibu ni kwamba simu hunasa kila kitu bila kuchagua, nayo ikipotea hupotea na picha zake. Mchoraji hulazimika kulitazama gari kwa saa kadhaa, na katika kutazama huko hugundua umbo ambalo hata mwenye gari hajawahi kuliona.

Eneo la Gusii si geni kwa sanaa ya aina hii. Wachongaji wa Tabaka wamelipa jiwe laini la Kisii sifa duniani, na ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa yuko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mchongaji husoma umbo kwa kutazama mahali mwanga unapogota na mahali kivuli kinapoanzia. Mchoraji wa mkaa hufanya vivyo hivyo, ila yeye hufanya kazi juu ya karatasi.

VIFAA

Uzuri wa sanaa hii ni unafuu wake. Mkaa wa jikoni haufai sana kwa kuwa ni mgumu na hukwaruza karatasi. Badala yake, vijiti vyembamba vilivyokauka na kubanduliwa maganda hupangwa ndani ya mkebe wa bati, mkebe ukafunikwa na kutobolewa tundu dogo, kisha ukawekwa motoni. Moshi ukiisha kutoka tunduni, mkebe huondolewa na kuachwa upoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Ukifunguliwa ungali moto, hewa huingia na vijiti huwa majivu.

Chaki ya ubaoni, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa jasi, inatosha kwa mazoezi ingawa weupe wake ni hafifu na hupukutika. Chaki laini za wasanii hung'aa zaidi na hushika vyema.

Karatasi isiwe nyeupe. Karatasi ya kaki inayotumiwa na wanafunzi kufunikia vitabu inafaa kwa kuanzia, na siri ya kazi yote imo katika rangi yake.

MGAWANYO WA KAZI

Kaki si nyeusi wala si nyeupe. Ni rangi ya katikati. Mkaa hupewa kazi ya vivuli pekee. Chaki hupewa kazi ya mwanga pekee. Sehemu zisizo na kivuli kizito wala mng'aro huachwa wazi, karatasi yenyewe iwe ndiyo bodi ya gari. Mfaransa Pierre-Paul Prud'hon, aliyefariki 1823, alisifika kwa kutumia weusi na weupe namna hii juu ya karatasi ya samawati.

Kosa la wengi ni kusugua chaki juu ya mkaa. Viwili hivyo vikichanganyika huzaa rangi ya jivu iliyofifia, na gari likaonekana kama limemwagiwa vumbi la Keroka wakati wa kiangazi.

Kazi huanza kwa vipimo. Gurudumu ndilo rula ya mchoraji. Katika 504 ya kawaida, umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma ni sentimita 274, na katika ile ndefu ya abiria ni 290, yaani zaidi ya mara nne ya kimo cha gurudumu. Anayepuuza hesabu hii huchora gari fupi lisilotambulika. Gari likitazamwa kwa mshazari, gurudumu halichorwi kama duara bali kama duaradufu.

Hufuata alama za utambulisho. Kwa 404 ni mapezi madogo ya nyuma. Kwa 504 ni buti lililovunjika kwa pembe kuelekea chini. Volkswagen ya mgongo wa kobe humfaa anayeanza, kwa sababu karibu kila sehemu yake ni tao.

Baada ya hapo huwekwa vivuli, kuanzia chini ya gari, ambako weusi huwa mzito kuliko kwingine kote. Sehemu za bodi zinazotazama juu hupokea mwanga wa mbingu. Zinazotazama chini huakisi giza la ardhi. Bampa la kromu halina rangi yake lenyewe. Huchorwa kwa mstari mweusi na mweupe vilivyokaribiana bila kuchanganywa. Chaki huja mwisho kabisa, tena kwa uchache: kwenye ukingo wa kioo, taa na kromu.

KUHIFADHI

Mkaa haugandi wenyewe. Hupuliziwa dawa maalumu, au ile ya kushikiza nywele, kwa umbali wa takriban sentimita 30 na mahali penye hewa ya kutosha. Mchoro ukiwekwa fremu, kioo kisiuguse. Unyevu nao ni adui katika eneo linalopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka.

Aidha, kaki huwa na tindikali na hukauka ikavunjika baada ya miaka. Kwa hivyo, mchoro unaokusudiwa kudumu ufanywe kwenye karatasi ya wasanii isiyo na tindikali, yenye rangi ya kijivu au kahawia.

Nchini, Peterson Kamwathi ameonyesha kwamba mkaa unaweza kubeba masuala mazito ya taifa, kama alivyofanya katika michoro yake mikubwa iitwayo Sitting Allowance. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Mwanafunzi wa Nyansiongo au Ogembo hana haja ya kungoja rangi za bei ghali ili aanze.

Kabla ya kuweka mchoro kabatini, mchoraji aandike nyuma yake aina ya gari, mwaka, njia lililohudumu na nambari ya usajili. Nambari yenye herufi tatu mwanzoni bila herufi mwishoni ni ushahidi kwamba gari lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka wa 1989. Mwenye gari aulizwe mapema maswali hayo, kwani si magari pekee yanayozeeka.