Mteremko wa Lupingu ni Darasa la Udongo

Ukishuka kwa miguu kutoka nyanda za juu za Ludewa, mkoani Njombe, kwenda Lupingu kandokando ya Ziwa Nyasa, udongo unabadilika chini ya nyayo zako. Juu kwenye baridi ni mwekundu, na mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu. Kwenye miteremko ya Milima ya Livingstone ni haba, umejaa kokoto. Ufukweni, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, unakanyaga mchanga ulioletwa na mito na mawimbi. Ndiyo maana huko juu watu wanapanda mahindi na viazi mviringo, na huku chini muhogo.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Alionyesha kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni pete za mnyororo mmoja, kwa kuwa maji huosha huku na kulimbikiza kule. Neno hilo linafundishwa hadi leo vyuo vikuu duniani kote, nalo lilitokana na kazi iliyofanywa Afrika Mashariki. Kijana wa Lupingu anayekwenda kusomea udongo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, anakwenda kujifunza kupima kitu alichokikanyaga tangu utotoni.

Hata zoezi la mwanzo kabisa si geni kwake. Unachukua udongo kiganjani, unaulowesha kidogo, unaukanda, kisha unausukuma kwa kidole gumba utoke kama utepe. Utepe ukikatika mara moja, huo ni udongo wa kichanga. Ukirefuka bila kukatika, ni udongo wa mfinyanzi. Wakisi wa mwambao huu wanajulikana kwa vyungu vyao, na hakuna mfinyanzi anayebeba udongo nyumbani kabla vidole vyake havijauhoji. Chuo kinaongeza kemia, fizikia na baiolojia juu ya ujuzi huo. Kwa hiyo aliye sekondari asiikimbie kemia. Bila hiyo somo hili halisomeki.

Kemia yenyewe inahusu nini? Nyanda za juu zinapata mvua nyingi. Kwa maelfu ya miaka mvua imeosha kalisi na magnesi, ikaacha chuma na alumini, na udongo mwingi wa huko una tindikali. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa isifikie mmea. Namba hizi zisikudanganye kwa udogo wake: udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi zaidi ya ule wa pH 6. Sasa mkulima ananunua mbolea za DAP na urea kila msimu, na mbolea zenyewe, zikitumika mfululizo, huongeza tindikali. Anaongeza mifuko, mavuno yanapungua, anaambiwa mbegu ni mbovu. Pengine alichohitaji ni chokaa kwanza, au fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara, ambayo huyeyuka vizuri palepale penye tindikali.

Lupingu kuna hesabu nyingine. Muhogo husifiwa kwamba unavumilia ardhi dhaifu, na ni kweli, lakini kila gunia linaloondoka shambani linaondoka na potasiamu nyingi. Asiyerudisha samadi, majivu au mboji anachota akiba ya wajukuu wake.

Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na mimi naiunga mkono. Lakini mbolea nafuu iliyowekwa bila kupima ni dawa iliyotolewa bila kumwona mgonjwa. Hapo ndipo penye kazi ya mtaalamu wa udongo: halmashauri, vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kampuni za mbolea, mashamba ya parachichi ya Njombe, na kwa wakulima wadogo wenyewe. Kilimo endelevu hakimtaki aje na majibu mfukoni. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi vingi; nyasi huzikwa zikaoza, maji hutuama badala ya kubeba udongo. Wataalamu wa SUA walikwenda kujifunza kwao, na walifanya vyema.

Wakati kijana wetu yuko chuoni, anza wewe. Tembea shamba lako kwa mwendo wa kona kona, chimba sehemu 15 hadi 20, kila moja sentimita 20 kwenda chini. Changanya kwenye ndoo safi, si ile iliyobeba mbolea. Chukua nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba, kisha mwone ofisa ugani akuelekeze maabara. Shamba la juu na la bondeni yawe na mifuko miwili tofauti. Mvua za nyanda za juu huanza Novemba, na majibu ya maabara huchukua muda, kwa hiyo chimba Agosti.