Kreni haijazidishiwa mzigo. Mbona boriti imepasuka?

Siku ukiingia kwenye karakana kubwa, tazama juu. Kreni inatembea juu ya reli, na reli imekaa juu ya boriti ndefu ya chuma yenye umbo la herufi I. Boriti hiyo inaweza kupasuka hata kama hakuna aliyewahi kunyanyua mzigo kupita kiwango. Inawezekanaje?

Chukua waya wa kufungia nondo. Kuukata kwa kuuvuta ni kazi kweli, lakini ukunje na kuukunjua mara kadhaa, utakatika wenyewe. Huo ndio uchovu wa chuma: kinachoua ni kurudiarudia.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kreni inapita sehemu moja ya boriti mara 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kwa miaka 20 hiyo ni mipito 1,200,000. Na kama kila upande wa kreni una magurudumu mawili, sehemu hiyo imekanyagwa mara 2,400,000!

Ufa huanzia wapi? Mara nyingi kwenye mshono wa kuchomelea unaounganisha bamba la juu na bamba la kusimama. Reli ikikaa pembeni kidogo, kila gurudumu likipita linalipinda bamba la juu upande mmoja, na mshono ndio unaoumia. Na usidhani chuma kigumu zaidi kitakuokoa. Kwenye mshono tayari kuna vidosari vidogo, kwa hiyo ufa haungoji kuzaliwa, unakua tu.

Unakuaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Paul Paris alionyesha kwamba kasi ya ufa inategemea urefu wake na tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini katika kila mzunguko. Kwa chuma cha kawaida, tofauti hiyo ikiongezeka mara 2, ufa unakua kwa kasi mara 8 hivi. Mkazo ukibaki uleule, ufa wa milimita 1 ukifika milimita 4, kasi yake nayo imepanda mara 8. Maana yake, kumbe karibu nusu ya maisha ya boriti iliyobaki huisha ufa ukiwa bado chini ya milimita 4, umejificha chini ya rangi!

Ndiyo maana wakaguzi hawategemei macho peke yake. Hutumia unga wa sumaku au mawimbi ya sauti kuutafuta ufa ukiwa bado mdogo. Wewe ukiona mstari mwembamba wa kutu kando ya mshono, usipake rangi juu yake. Mwite mkaguzi.

Na tafadhali, usichomelee kishikio cha bomba au cha taa kwenye boriti ya kreni. Machi 27, 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, na watu 123 wakafa. Ufa wake ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 tu, uliochomelewa kushikilia kifaa kidogo ambacho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa.

Kwa hiyo ukiambiwa "hii haibebi kitu, chomelea tu", uliza kwanza: inachomelewa kwenye nini?