Wizi wa mifugo: Mila inapobebeshwa lawama za bunduki

MNAMO Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na mji wa Baragoi, walipokuwa wakiwaandama wezi waliopora mifugo ya Wasamburu. Kama ilivyo ada kila damu inapomwagika kaskazini mwa nchi, wengi walisema kwamba huo ndio utamaduni wa wafugaji. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaacha mengi nje.

Ukweli wenyewe unaanzia kwenye mahari. Miongoni mwa Waturkana, Wapokot na Wasamburu, mwanamume hahesabiwi kuwa mtu kamili kabla hajaoa, wala haozwi bila mifugo. Mahari ya Waturkana huweza kufika makumi ya ng'ombe au ngamia, mbali na mbuzi na kondoo. Kwa desturi kijana hakuachiwa mzigo huo peke yake. Baba, wajomba na marafiki walimchangia. Lakini ukame unapomaliza zizi la baba, na la mjomba nalo limebaki tupu, macho ya kijana huelekea kwa jirani wa kabila jingine.

Juu ya mahari kuna sifa. Waturkana na Wapokot walikuwa na desturi ya kumchanja chale mwilini aliyemwua adui, ili kila amwonaye ajue. Wanawake nao huwaimbia mashujaa na kuwakejeli waoga, na kejeli ya msichana humchoma kijana kuliko amri ya chifu. Mama wa Kipokot hujifunga leketyo, mshipi wa ngozi aliouvaa alipokuwa mjamzito, ili mwanawe aliyekwenda vitani arudi salama.

Hata hivyo, mila hizo hizo zilikuwa na hatamu zake. Vijana hawakutoka kwenda kuvamia bila baraka za wazee na za mwaguzi, ambaye Waturkana humwita emuron. Aliyeua alihesabiwa kuwa na unajisi, akatakaswa kabla ya kurejea kuishi na wenzake. Na leketyo hiyo hiyo, mama akiivua na kuiweka chini mbele ya vijana, hawakuthubutu kuivuka.

Hatamu zilianza kukatika bunduki zilipozagaa. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, Wakaramoja wa Uganda walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki zikavuka mpaka. Nyingine ziliingia kutokana na vita vya Sudan, Ethiopia na Somalia. Kijana mwenye bunduki hana haja ya kumngoja mzee ambariki, kwa kuwa anaweza kuvamia usiku na wenzake wachache.

Kisha biashara ikaingia. Baadhi ya mifugo inayoibwa siku hizi haifiki kwa baba wa bibi arusi hata kidogo. Hupakiwa kwenye malori na kusafirishwa masokoni, ikaishia kwenye vichinjio vya mijini. Ng'ombe huyo hana uhusiano wowote na mila. Mwenye lori na mnunuzi hawachanjwi chale wala hawaimbiwi, na kwao neno utamaduni ni pazia zuri la kujifichia.

Serikali kwa upande wake imezoea kutumia nguvu. Februari 2023 ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, zikiwemo Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na Samburu. Jeshi linaweza kumnyang'anya kijana bunduki, lakini haliwezi kumpa ng'ombe wa mahari wala kumtafutia sifa nyingine badala ya ile ya kuvamia.

Huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, wazee walitumia njia nyingine. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakaramoja, walifanya mapatano kwa taratibu zao wenyewe, wakazika silaha ardhini kuonyesha kwamba uadui umekwisha. Mapatano hayo yametikiswa zaidi ya mara moja, hasa na bunduki zilizokuja baadaye. Hata hivyo, kwa miaka mingi wafugaji wa Turkana wamevuka mpaka wakati wa kiangazi na kuchunga pamoja na Wamatheniko, na pande hizo mbili hukutana Lokiriama kuyakumbuka yale yaliyozikwa hapo.