Maumivu ya koo ya mtoto yasipuuzwe, huenda yakadhuru moyo

Mtoto akilalamika kuwa koo linamuuma, wazazi wengi katika Kaunti ya Kakamega humpa maji moto yenye ndimu, kisha humrudisha shuleni. Mara nyingi hupona. Hata hivyo, baadhi ya maumivu hayo husababishwa na bakteria aina ya streptokoka, na yasipotibiwa yaweza kuharibu vali za moyo.

Vali ni mfano wa milango midogo inayohakikisha damu inapita upande mmoja pekee. Moyo una vali nne, na inayodhurika zaidi ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto.

Si bakteria wenyewe wanaouharibu moyo. Kinga ya mwili, baada ya kupambana nao, hukosea na kushambulia viungo vya mwili huo huo. Wiki chache baada ya koo kupona, mtoto hushikwa na homa ya baridi yabisi. Magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa zamu. Uvimbe huisha, lakini kovu hubaki kwenye vali, ambayo baadaye hushindwa kufunguka vyema au huvuja.

Miaka yaweza kupita bila dalili. Kisha mgonjwa huanza kuhema akipanda kilima kidogo, kukosa pumzi akilala na kuvimba miguu. Baadhi ya wanawake hugundua wakiwa wajawazito, wakati damu inapoongezeka mwilini na moyo kulemewa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaugua maradhi haya, na takriban 360,000 hufariki kila mwaka.

Upasuaji wa vali hufanywa katika hospitali chache nchini, zikiwemo Tenwek iliyoko Bomet na Kenyatta jijini Nairobi, safari ndefu kwa mkazi wa Malava au Shinyalu. Aidha, anayewekewa vali ya chuma hulazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Kinga ni rahisi zaidi. Mtoto mwenye homa, koo linalouma na tezi za shingo zilizovimba, bila kukohoa, apelekwe kituo cha afya mapema. Penisilini ikitolewa ndani ya siku tisa, homa ya baridi yabisi huzuilika. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, hata akijihisi mzima.