Maji ya Dripu: Yaliyomo, Kazi Yake na Hadhari Zake

Mgonjwa anapolazwa hospitalini, swali ambalo jamaa zake huulizana mlangoni mwa wodi ni hili: "Je, ametundikiwa maji?" Likijibiwa ndiyo, wapo wanaofarijika, wakiamini kwamba mgonjwa wao sasa analishwa na kutiwa nguvu. Wapo pia wanaoingiwa na hofu, wakidhani kwamba dripu ni dalili ya kukata tamaa. Likijibiwa hapana, hawakosekani wa kumlaumu mganga kwamba amemnyima mgonjwa wao haki yake. Mawazo haya yote yana chanzo kimoja, nacho ni kutojua kilichomo ndani ya chupa ile na kinachotendeka maji yake yanapoingia mwilini. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo.

Maji ya mwili

Mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 ana maji yapatayo lita 42 mwilini mwake, yaani asilimia 60 hivi ya uzito wake. Thuluthi mbili za maji hayo, lita 28, zimo ndani ya seli, yaani chembe hai ndogo mno zinazoujenga mwili. Thuluthi iliyobaki, lita 14, iko nje ya seli. Sehemu kubwa ya maji haya ya nje huzizunguka seli; lita 3 tu hivi ndizo zinazotembea katika mishipa ya damu, zikiwa zimezibeba chembe nyekundu na chembe nyeupe. Lita hizo 3 zikipungua sana, moyo hukosa cha kusukuma, na viungo hukosa hewa safi na chakula.

Maji ya mwili si maji matupu. Yale ya nje ya seli yana sodiamu kwa wingi, ambayo ndiyo sehemu mojawapo ya chumvi tunayoila. Yale ya ndani yana potasiamu kwa wingi. Utando wa seli huruhusu maji kupita kwa urahisi, lakini huizuia chumvi. Matokeo ya hali hiyo huonekana hata jikoni. Ukinyunyiza chumvi juu ya vipande vya embe bichi, baada ya muda mfupi utaona maji yamechuruzika sahanini, kwa sababu chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani. Ukiloweka zabibu kavu katika maji matupu, zitavimba, kwa sababu sukari iliyo ndani imeyavuta maji yaliyokuwa nje.

Chembe nyekundu za damu hufuata kanuni hiyo hiyo. Zikitiwa katika maji matupu huvimba na kupasuka. Zikitiwa katika maji yenye chumvi nyingi mno husinyaa. Ndiyo maana maji matupu, hata yakiwa safi namna gani, hayafai kutiwa mshipani kwa wingi. Atengenezaye maji ya dripu hana budi kuyalinganisha na damu.

Jinsi elimu hii ilivyopatikana

Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, daktari kijana aliyeitwa William Brooke O'Shaughnessy aliipima damu ya wagonjwa, akaona kwamba ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya maji na chumvi zake. Mwaka uliofuata, Thomas Latta, daktari wa mji wa Leith huko Scotland, aliamua kuvirudisha vitu hivyo moja kwa moja mshipani. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Maji ya chumvi yalipoingia, macho yake yalipata nuru na mapigo ya mkono yakarudi. Lakini kuharisha kulianza tena, maji hayakuongezwa, naye akafariki saa chache baadaye. Wagonjwa wengine wa Latta walipona. Katika kisa hiki pana funzo ambalo halijachakaa: kinachotolewa na maradhi lazima kifidiwe kwa kipimo kile kile, na kwa muda wote maradhi yanapoendelea.

Yaliyomo katika chupa

Aina zinazotumika zaidi katika hospitali zetu ni tatu.

Ya kwanza ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kila lita ina gramu 9 za chumvi ya aina ile ile tunayotia katika mchuzi. Hutumika kurudisha maji yaliyopotea na kuchanganyia baadhi ya dawa. Yakishaingia mshipani hayakai yote humo: baada ya muda, robo hivi hubaki katika damu, na sehemu iliyobaki hutoka na kuzizunguka seli.

Ya pili ni maji ya sukari ya deksitrosi ya asilimia 5, yenye gramu 50 za sukari katika kila lita. Mwili huitumia sukari hiyo upesi, na kinachobaki ni maji matupu yanayotawanyika mwili mzima, hata ndani ya seli. Kwa hiyo hayamfai mtu aliyepoteza damu nyingi au aliyekaukiwa kwa kuharisha, kwani ni kidogo sana kinachosalia mishipani. Sukari iliyokolezwa zaidi hutumika pale ambapo sukari ya damu imeshuka kwa hatari, kama inavyotokea katika malaria kali au kwa mgonjwa wa kisukari aliyezidishiwa dawa.

Ya tatu huitwa Ringer lakteti. Katika miaka ya 1880, Mwingereza Sydney Ringer aligundua kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kupiga vizuri zaidi ikiwa maji ya chumvi yameongezwa potasiamu na kalisi kidogo. Katika miaka ya 1930, Alexis Hartmann wa Marekani aliongeza lakteti, ambayo ini huigeuza kuwa kitu cha kupunguza ukali wa asidi katika damu. Kwa kuwa maji haya yanakaribiana zaidi na maji ya damu, Shirika la Afya Duniani huyapendekeza kwa wagonjwa wa kipindupindu waliokaukiwa sana.

Je, dripu hushibisha?

Tuifanye hesabu. Gramu 50 za sukari hutoa kalori zisizozidi 200. Nguvu hiyo hupatikana katika gramu 60 hivi za unga wa mahindi, ambazo hazitoshi hata ugali wa mtoto mkubwa. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku angelazimika kutiliwa lita 10, na maji mengi kiasi hicho yangemdhuru kabla ya kumlisha. Aidha, katika chupa hiyo hamna protini, hamna mafuta, wala hamna madini ya chuma ambayo mwili huyahitaji ili kuunda damu. Ni kweli kwamba hospitali kubwa zina vyakula maalumu vya kupitishia mshipani kwa wagonjwa ambao matumbo yao hayafanyi kazi, lakini hivyo ni vitu vingine kabisa. Anayesema kwamba chupa ya maji ya sukari "imemwongezea damu" amekosea; kwa muda mfupi damu yake imezimuliwa.

Pale inapookoa maisha

Yote hayo hayaipunguzii dripu heshima yake. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita kadhaa za maji kwa muda wa saa chache. Kwa aliyekaukiwa sana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Hivyo mtu mwenye kilo 50 huhitaji lita 5: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, na lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa miezi sita mwenye kilo 6 huhitaji mililita 600, lakini yeye hupewa kwa saa 6: mililita 180 katika saa ya kwanza, na 420 katika saa 5 zilizobaki. Pia dripu haina badala kwa mgonjwa aliyezirai, kwa anayetapika kila anachokunywa, kwa anayepasuliwa, na kwa dawa ambazo lazima zipite mshipani polepole.

Kasi ya maji huhesabiwa kwa matone. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Lita moja ikitakiwa iishe kwa saa 8, muuguzi hurekebisha mpira udondoshe matone 42 hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo sababu humwona akitazama saa huku akihesabu. Jamaa anayelegeza kile kigurudumu cha mpira ili chupa iishe mapema anaibatilisha hesabu hiyo bila kujua, na huenda akamwua mgonjwa wake.

Hadhari

Hatari ya kwanza ni wingi na kasi. Maji yakizidi uwezo wa moyo na mafigo, hujaa mapafuni, na mgonjwa hushindwa kupumua. Wazee, wenye maradhi ya moyo au mafigo, na watoto wenye utapiamlo mkali ndio walio hatarini zaidi.

Eneo letu limechangia elimu kubwa katika jambo hili. Utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulifanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Hospitali Teule ya Muheza. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikifika vizuri viungoni. Watoto wenye maradhi ya kuharisha hawakuhusishwa. Wengi walitarajia kwamba kuwapa maji mengi kwa haraka kungewaokoa. Ikawa kinyume: kati ya waliopewa hivyo, watoto 10 hadi 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, kati ya wasiopewa, walifariki 7 katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Tangu hapo imekuwa dhahiri kwamba mtoto kuwa mahututi si sababu tosha ya kumwagiwa maji mshipani.

Hatari ya pili ni viini vya maradhi. Sindano iliyoachwa mshipani ni mlango ulio wazi kuelekea kwenye damu. Mahali pa sindano pakivimba, pakiwa pekundu au pakiuma, muuguzi aarifiwe mara moja. Chupa iliyopasuka, iliyopita muda wake, au yenye maji yaliyochafuka isitumiwe.

Hatari ya tatu ni kuchanganya vitu ovyo. Potasiamu, ambayo ni ya lazima kwa uhai, ikitiwa mshipani kwa kasi husimamisha moyo. Kwa hiyo dripu ya kutundikiwa nyumbani na mtu asiye na ujuzi, eti kwa kuondoa uchovu, ni hatari isiyo na faida. Mtu mwenye afya anayeweza kunywa maji hapati kwa njia hiyo lolote ambalo tumbo lake lisingempatia.

Kikombe na chupa

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi nchini India. Maji ya dripu yalipokuwa yakimalizika, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa sukari ya glukosi na chumvi. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Siri yake ni kwamba ukuta wa utumbo hupokea sukari na sodiamu kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake, hata wakati mtu anaharisha. Pakiti ya leo ya kuchanganya na lita moja ya maji safi ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi, gramu 1.5 za potasiamu kloraidi na gramu 2.9 za sitreti. Haihitaji sindano, na mama anaweza kuanza kuitumia kabla hajafunga safari ya kwenda zahanati.

Basi jamaa wa mgonjwa wana haki ya kumwuliza mganga mambo matatu: ni maji ya aina gani, ni kwa sababu gani, na yaishe kwa muda gani. Lakini kabla ya hayo matatu, na kabla ya kuulizana mlangoni kama mgonjwa ametundikiwa, yafaa waulize hili: je, anaweza kunywa?