Mgonjwa wa Kiharusi: Tumlisheje Asipaliwe?



Mara kwa mara wodini tunampokea mgonjwa aliyeruhusiwa baada ya kiharusi, sasa amerudishwa na homa na kichomi. Tukiuliza alikuwa akilishwaje, tunajibiwa: "Sista, tulimnywesha uji akiwa amelala, maana hana nguvu." Ndugu hao wanampenda mgonjwa wao. Hawakuelezwa tu.

Kooni njia ya chakula na njia ya hewa zipo jirani. Tukimeza, njia ya hewa hujifunga. Kiharusi hulegeza ulimi na koo, hivyo mgonjwa hupaliwa, na chakula au mate huingia mapafuni. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za kwanza.

Dalili zake ni kukohoa wakati wa kula, sauti kuwa kama ina maji, mate kudondoka na chakula kubaki shavuni. Lakini angalia: wengine hupaliwa bila kukohoa hata kidogo! Kwa hiyo mgonjwa mpya asipewe kitu chochote mdomoni, hata maji au dawa, mpaka apimwe kumeza hospitalini. Akiwekewa mpira wa puani, msiuogope wala msiuchomoe. Unamlisha wakati koo linajifunza upya.

Akiruhusiwa kula, fanyeni hivi:

1. Aketi wima, akiwa macho kabisa. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula.
2. Tumieni kijiko cha chai. Wekeni chakula upande wa mdomo wenye nguvu, na mngoje ameze kabla ya kijiko kingine.
3. Mpeni vyakula laini vinavyoshikamana: uji mzito, ndizi au viazi vilivyopondwa, parachichi. Epukeni karanga, wali mkavu na supu yenye vipande.
4. Maji ni mepesi na hupalia upesi. Msimnyime, bali ulizeni hospitali mumpe kwa namna gani.
5. Msisage vidonge bila kuuliza. Vingine havisagwi.
6. Safisheni kinywa chake kila baada ya kula, maana uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni huleta kichomi.

Akipaliwa, acheni kumlisha, ainame mbele na akohoe. Msimpe maji. Akishindwa kukohoa wala kupumua, mpigeni mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja, na mtafute msaada mara moja.

Koo hufundishika kama mguu uliopooza. Mhudumu wa hospitali atawaonyesha mazoezi yanayomfaa: kumeza kwa nguvu, kusukuma kijiko kwa ulimi, au kuinamisha kidevu anapomeza. Si kila zoezi linamfaa kila mtu. Yafanyeni kila siku bila kuchoka. Wengi hurudi kumeza vizuri katika wiki chache.

Na Komunyo Takatifu je? Mwambieni padre mapema. Anaweza kumpa kipande kidogo sana cha hostia, na Sheria ya Kanisa, kanuni 925, inaruhusu penye haja kupokea katika umbo la divai peke yake. Lakini divai nayo ni nyepesi, hivyo tuulizeni kwanza sisi wauguzi.

Mlo wa mgonjwa huyu unaweza kuchukua saa nzima. Mpeni saa hiyo.